Artemisia Gentileschi alikuwa mchoraji kabla ya kuwa kesi

Kila mara jina la Artemisia Gentileschi linapotajwa, watu huanzia tribinalini. Wanasema alizaliwa Roma, huko Italia, mwaka 1593. Wanasema kwamba mwezi wa Mei 1611 alibakwa na Agostino Tassi, mchoraji aliyekuwa akifanya kazi pamoja na baba yake. Wanasema kwamba kesi ilidumu miezi saba katika mwaka 1612, na kwamba msichana huyo alifungwa kamba kwenye vidole, zikakazwa, ili majaji wajue kama anasema kweli. Kisha, kama nafasi bado iko, wanaongeza kwamba alikuwa pia mchoraji.

Mpangilio huo haufai. Mambo hayo yote ni ya kweli, na makaratasi ya kesi yangali yanatunzwa Roma mpaka leo. Lakini mtu aliyefanya kazi yake kwa miaka zaidi ya 40, aliyelipwa na watawala wakubwa wa Ulaya, aliyetia sahihi tablo zake kwa jina lake mwenyewe, anarudishwa kila siku katika chumba kimoja cha nyumba ya baba yake. Msomaji wa huku mashariki hahitaji kuelezwa maana ya mtu kuitwa kwa jina la jambo alilotendewa, na siyo kwa jina la kazi anayoifanya.

Swali la wanawake wachoraji wa karne ya 17, wakati ule wa sanaa unaoitwa Baroko, ni kwanza swali la jina. Nani alichora? Nani alilipwa? Jina la nani liliandikwa chini ya tablo, na nani alilifuta? Wengine waliibiwa jina kabisa. Wengine walishukiwa kwamba mkono uliochora siyo wao. Artemisia yeye aliachiwa jina, lakini likafungwa katika habari moja tu. Hasara hizo tatu zinafanana kuliko watu wanavyofikiri.

Suzana alitangulia

Wanaosema kwamba Artemisia alichora wanawake wenye nguvu kwa sababu alibakwa, wanapaswa kwanza kujibu juu ya tarehe moja: 1610. Ndiyo tarehe iliyoandikwa, pamoja na jina lake, kwenye tablo ya Suzana na wazee wawili, ambayo leo iko Pommersfelden, huko Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Tassi alikuwa bado hajamgusa.

Wakristo Wakatolika wanaijua habari hiyo katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili, tena majaji, wanamvizia mke wa mtu anapooga bustanini, na kumtisha kwamba asipokubali kulala nao watamshitaki kwa uzinzi. Wachoraji wengi wanaume waliipenda habari hiyo kwa sababu iliwapa ruhusa ya kuonyesha mwanamke uchi huku wakisema ni mambo ya Biblia. Suzana wao mara nyingi amekaa vizuri, katika bustani nzuri, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa na wala hachukii sana.

Suzana wa Artemisia amekaa kwenye kiti cha mawe, kigumu na cha baridi. Hakuna bustani. Mwili wake umejipinda, mikono imenyooshwa kusukuma, uso umegeuzwa upande. Wazee wameinama juu yake kutoka ukutani. Mmoja anamnong'oneza mwenzake, mwingine ameweka kidole mdomoni kumwambia anyamaze. Mtazamaji hapewi nafasi ya kufurahi. Anaona tu namna watu wawili wenye cheo wanavyoweza kumfunga mtu mahali ambapo hana pa kukimbilia.

Je, msichana wa miaka 17 aliyajua wapi mambo hayo? Hakuhitaji kubakwa ndipo ayajue. Aliishi Roma katika mtaa wa wachoraji, mama yake alikuwa amekufa mwaka 1605, nyumba ilijaa wanaume waliokuja kufanya kazi na baba. Alijua namna mwanamke anavyotazamwa. Na alijua kuchora, kwa sababu baba yake Orazio, mchoraji mwenye sifa, alimfundisha katika ateliye ya nyumbani. Katika mwezi wa Julai 1612, Orazio alimwandikia mama wa mtawala wa Toscana akijisifu kwamba binti yake, baada ya miaka mitatu tu ya kazi, hakuwa na mwenye kulingana naye.

Hata hivyo, kwa muda mrefu wataalamu wengine walisema kwamba ni Orazio aliyeichora tablo ya Suzana, au kwamba alimshika binti yake mkono. Jina la binti limeandikwa pale wazi. Lakini lilipoonekana kuwa zuri mno, likatafutiwa mwanaume wa kulibeba.

Kesi ilikuwa ya nani?

Inafaa kesi yenyewe itazamwe vizuri, kwa sababu ndani yake mnaonekana namna jina la mwanamke lilivyohesabiwa wakati ule. Aliyelalamika kwa Papa Paulo wa 5 ni Orazio, siyo binti. Jambo lililoamuliwa lilikuwa ubikira na heshima ya jamaa. Katika malalamiko hayo hayo, baba aliandika pia juu ya tablo iliyochukuliwa nyumbani kwake. Binti na tablo, katika kartasi moja.

Tassi alikuwa amemwahidi Artemisia ndoa ili anyamaze. Kamba zilipokazwa kwenye vidole, naye Tassi akiwa mbele yake, Artemisia alimwambia kwamba hizo ndizo pete alizokuwa amemwahidi. Mtu afikiri juu ya vidole vya mchoraji mwenye umri wa miaka 18 au 19. Anayeteswa hapo ni yule aliyetendewa ubaya, na wanachokihatarisha ni chombo chake cha kazi.

Tassi alikutwa na hatia. Alipewa kuchagua kati ya kazi ngumu miaka mitano na kufukuzwa Roma. Akachagua kufukuzwa, na hata hiyo haikutimizwa kwa kweli. Muda mfupi baadaye alikuwa Roma tena, akipata kazi. Mwisho wa mwezi wa Novemba 1612 Artemisia aliolewa na Pierantonio Stiattesi, kisha wakahamia Firenze. Hayo ndiyo mambo ya kesi. Yanastahili kukumbukwa. Lakini maisha ya kazi ya mwanamke huyu yanaanza vizuri hapo, na ndipo wasimuliaji wengi wanapofunga kitabu.

Yuditi na mjakazi wake

Tablo inayotumiwa zaidi kuthibitisha hadithi ya kisasi ni ile ya Yuditi anapomkata kichwa Holoferne. Artemisia aliichora mara mbili: ya kwanza, inayotunzwa Napoli katika makumbusho ya Capodimonte, karibu na mwaka 1612 au 1613, ya pili, kubwa zaidi, inayotunzwa Firenze katika makumbusho ya Uffizi, karibu na mwaka 1620. Damu inaruka, upanga uko shingoni, na wengi wanasema: tazama, huyo ni Tassi.

Labda hasira ilikuwamo. Hakuna anayeweza kuingia ndani ya moyo wa mtu aliyekufa zamani. Lakini Yuditi alikuwa somo lililopendwa sana na wanunuzi wa wakati ule. Caravaggio, ambaye Artemisia na baba yake walifuata namna yake ya kutumia giza na mwanga, alikuwa ameichora habari hiyo hiyo karibu na mwaka 1599, damu ikiruka vile vile. Hakuna anayeuliza nani alikuwa amemtendea Caravaggio ubaya. Mwanaume akichora kichwa kinachokatwa, wanasema ana ufundi. Mwanamke akikichora, wanatafuta kidonda.

Tofauti ya kweli iko kwenye ufundi wenyewe. Yuditi wa Caravaggio ni msichana mwembamba aliyejirudisha nyuma, kama anayeogopa kuchafua nguo. Mjakazi wake ni mwanamke mzee anayesimama kando na kungoja kichwa akiweke mfukoni. Ukiitazama, unajiuliza kama mikono ile ingeweza kweli kukata shingo ya jemadari.

Artemisia aliliona kosa hilo na kulisahihisha. Yuditi wake ni mwanamke mzima, amekunja mikono ya nguo hadi juu ya kiwiko, amenyoosha mikono yote miwili ili apate nguvu. Mjakazi ni kijana, tena ndiye aliyepanda juu kumkandamiza Holoferne kitandani. Wanawake wawili wanafanya kazi moja, kila mmoja na sehemu yake. Mtu yeyote aliyewahi kuona akina mama wawili wakimshika mbuzi ili achinjwe anajua kwamba ndivyo kazi nzito inavyofanywa.

Hapo ndipo uanamke wa mchoraji ulipoingia katika kazi yake. Alijua uzito wa mwili wa mwanaume na nguvu za mikono ya mwanamke, akajua pia kwamba mjakazi si pambo. Kuiita kazi hiyo kisasi tu ni kumnyima akili yake. Ni kusema kwamba alichora kama mtu anavyolia, bila kuchagua.

Mchoraji anayedai malipo yake

Huko Firenze Artemisia alijenga jina. Mwaka 1616 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika Akademia ya sanaa ya mji huo. Alifanyia kazi Cosimo wa 2, mtawala wa Toscana, wa jamaa ya Medici. Alijuana na Galileo Galilei, mtaalamu wa nyota. Alizaa watoto kadhaa na kuzika wengi wao. Katika kesi alikuwa amesema kwamba hajui kuandika na kwamba anasoma kidogo tu. Miaka michache baadaye aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe.

Katika nyumba ya jamaa ya Michelangelo, mjukuu wa ndugu ya yule mchoraji mashuhuri alimwagiza kuchora sehemu ya dari: mwanamke aliye uchi, akishika dira mkononi, mfano wa kipawa ambacho mtu anazaliwa nacho. Artemisia alilipwa zaidi ya wanaume waliochora sehemu nyingine za dari ile ile. Miaka karibu 70 baadaye, mrithi wa nyumba aliona haya, akamwita mchoraji mwingine afunike mwili wa mwanamke huyo kwa vitambaa vya rangi. Vitambaa hivyo viko pale mpaka leo. Katika miaka ya karibuni, wataalamu wametumia mashine za kupiga picha ndani ya rangi ili kuonyesha kazi ilivyokuwa kabla ya kufunikwa.

Barua zake zinaonyesha mtu wa biashara. Mwaka 1635 alimwandikia Galileo na kumkumbusha namna alivyomsaidia kupata malipo ya tablo ya Yuditi, ambayo nusura yapotee. Kati ya mwaka 1649 na 1651, akiwa Napoli, alimwandikia mara nyingi Antonio Ruffo, mkubwa mmoja wa Messina huko Sisilia aliyekusanya tablo. Humo anabishana juu ya bei. Anasema kwamba jina la mwanamke huleta mashaka mpaka kazi ionekane. Anamwahidi mnunuzi kwamba atamwonyesha kile mwanamke anachoweza.

Katika barua moja anaeleza kisa kinachouma. Askofu mmoja alikuwa amemwagiza achore kwanza mfano kwenye kartasi. Alipoupata mfano, askofu akampa mchoraji mwingine autumie kwa tablo yenyewe, ili alipe kidogo. Artemisia aliandika kwamba kama angekuwa mwanaume, hafikiri mambo yangekwenda hivyo. Na kwamba tangu hapo hatoi tena mfano mbele ya malipo. Huyo ndiye Artemisia ambaye watu hawaambiwi: mama wa miaka zaidi ya 50, mwenye ateliye na madeni na binti wa kuoza, anayejua bei ya wazo lake na anayekataa kuibiwa mara ya pili.

Jina lililofutwa chini ya rangi

Mfano wa Uholanzi unaonyesha hasara ya namna nyingine. Judith Leyster alibatizwa katika mji wa Haarlem mwaka 1609. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe, na jina Leyster lilimaanisha nyota inayoongoza wasafiri. Ndiyo sababu alitia sahihi kwa herufi J na L zilizoshikamana, na nyota kando yake. Mwaka 1633 alipokelewa katika chama cha wachoraji wa Haarlem, na hivyo akawa na haki ya kufungua ateliye na kufundisha. Mwanafunzi mmoja alipomwacha na kwenda kwa Frans Hals, mchoraji mashuhuri kuliko wote wa mji, Leyster alimpeleka Hals mbele ya chama. Hakuwa mtu wa kunyamaza.

Mwaka 1636 aliolewa na mchoraji Jan Miense Molenaer. Tangu hapo kazi zake zinazojulikana ni chache sana. Alikufa mwaka 1660. Mume wake alipokufa baada ya miaka minane, mali ya nyumba iliandikwa, na tablo kadhaa za Leyster zikaandikwa kwamba ni za mke wa marehemu. Kisha jina likapotea kabisa. Kwa miaka zaidi ya 200, tablo zake ziliuzwa kama kazi za Hals au za mume wake.

Mwaka 1893 mtaalamu Cornelis Hofstede de Groot aliitazama vizuri tablo ya mwanaume na mwanamke wanaokunywa na kupiga muziki, ambayo leo iko katika makumbusho ya Louvre, huko Paris. Chini ya sahihi ya uongo ya Hals, alikuta herufi J na L na nyota yake. Ugomvi ulikuwa umekwisha kufika mbele ya majaji huko London, kwa sababu waliouziana walibishana juu ya bei. Inafaa kulifikiria jambo hilo polepole. Tablo ilikuwa ile ile, rangi zilikuwa zile zile, vicheko vya wale wawili vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni jina, na jina la mwanamke likapunguza thamani.

Aliyechora mbele ya mashahidi

Elisabetta Sirani wa Bologna, aliyezaliwa mwaka 1638, alijua hatari hiyo mapema. Baba yake alikuwa mchoraji. Alipougua mikono na kushindwa kufanya kazi, binti ndiye aliyesimamia ateliye na kulisha jamaa. Alichora haraka hata watu wakaanza kusema kwamba haiwezekani, kwamba kuna mwanaume anayemsaidia kwa siri. Sirani alijibu kwa vitendo: aliwafungulia wageni mlango, akachora mbele ya macho yao. Aliandika daftari la kazi zake moja baada ya nyingine, na alificha sahihi yake katika vifungo vya nguo na katika mapambo ya mito, mahali ambapo ni vigumu kuifuta bila kuharibu tablo.

Alikufa mwaka 1665 akiwa na miaka 27, akiacha tablo karibu 200 na wanafunzi wanawake, wakiwemo dada zake. Ni mwanaume gani aliyelazimishwa kuchora mbele ya mashahidi ili aaminiwe kwamba mkono wake ni wake?

Sirani anatoa pia jibu kwa hadithi ya kidonda. Mwaka 1659 alichora Timoklea, mwanamke wa Thebe katika habari za kale za Wagiriki. Askari mkubwa wa jeshi la Aleksanda alimbaka, kisha akamuuliza ameficha feza wapi. Timoklea akamwonyesha kisima, na alipoinama kutazama, akamsukuma ndani. Wachoraji wengine walipenda kumwonyesha baadaye, amesimama mbele ya mfalme akingoja kusamehewa. Sirani alichagua dakika ya kisima: askari yuko kichwa chini miguu juu, na mwanamke amesimama wima, hana haraka. Hakuna kesi ya kubakwa inayojulikana katika maisha ya Sirani. Hakuhitaji moja ili afahamu habari hiyo na kuchagua mahali pa kuitazamia.

Mlango uliofungwa na aliyepita

Watu wengine husema kwamba wanawake hawakupata sifa kwa sababu walichora mambo madogo: maua, matunda, nyuso za watoto. Lakini ni vizuri kuuliza kwa nini. Kazi zilizolipa na kuheshimiwa zaidi zilikuwa tablo kubwa za Biblia na za historia, zenye miili ya watu. Kuzichora kulihitaji kujifunza mbele ya mwanaume aliye uchi, na mafunzo hayo yalikatazwa kwa wanawake. Waliwafungia mlango, kisha wakawalaumu kwamba hawakuingia.

Clara Peeters, aliyefanya kazi Antwerp mwanzoni mwa karne ya 17, alitumia vizuri nafasi ndogo aliyoachiwa. Alichora meza zenye samaki, jibini, mkate na vikombe vya madini. Ukikaribia, unaona kwenye vikombe hivyo vinavyong'aa uso mdogo wa mwanamke, mara kadhaa, akiwa na vyombo vya kuchorea. Ni yeye. Katika tablo nyingine jina lake limeandikwa kwenye kisu cha feza kilicho mezani. Makumbusho ya Prado huko Madrid, yaliyofunguliwa mwaka 1819, yalingoja mpaka mwaka 2016 kumpa mwanamke maonyesho yake peke yake, na mwanamke huyo alikuwa Peeters.

Michaelina Wautier yeye alivunja mlango. Alizaliwa Mons na kuishi Brussels, katika inchi ambayo leo ni Ubelgiji. Katika miaka ya 1650 alichora maandamano ya Bakus, mungu wa divai wa watu wa kale: tablo kubwa iliyojaa wanaume walio uchi au nusu uchi, wanene na wembamba, wazee na vijana. Mtawala Leopold Wilhelm aliinunua, na leo iko Vienna. Pembeni, mwanamke mmoja mwenye titi wazi anamtazama mtazamaji moja kwa moja, wakati wengine wote wamelewa. Wataalamu wanaona kwamba Wautier amejichora mwenyewe. Kwa muda mrefu kazi zake zilipewa wanaume, na maonyesho makubwa ya kwanza yaliyomhusu yeye yalifanyika Antwerp mwaka 2018.

Hoja mbili za wapinzani

Kuna wanaosema kwamba sanaa haina mwanaume wala mwanamke, kwamba tablo ni nzuri au mbaya, basi. Ingekuwa vizuri kama ingekuwa hivyo. Lakini wanaosema hivyo wanasahau kwamba waliotenganisha si wanawake. Bei ya Leyster, mashahidi wa Sirani na askofu wa Artemisia vinaonyesha kwamba soko lilijua vizuri sana nani ni mwanamke. Kufuta jambo hilo leo kwa jina la usawa ni kuwasamehe walionufaika.

Wengine wanasema, kwa nia njema, kwamba bila kesi ya 1612 dunia isingemkumbuka Artemisia, na kwamba kuipunguza ni kumnyamazisha tena. Hoja hiyo ina uzito. Ushuhuda wake ni wa ujasiri mkubwa, na wanawake wengi wamepata nguvu kwa kuusoma. Lakini kuna tofauti kati ya kuisimulia kesi na kuifanya ufunguo wa kila kitu. Tassi alichukua siku moja ya maisha yake. Wasimuliaji wanampa maisha yote, wanamweka ndani ya kila tablo, wanamfanya mwenye nyumba katika kazi ambayo hakuichora.

Dawa si ngumu. Anayefundisha, anayeandika, anayepanga maonyesho aanze na kazi: Suzana wa 1610, Yuditi na mjakazi wake, barua za bei. Kesi ije mahali pake, na ije yote, pamoja na hukumu ambayo haikutimizwa. Hivyo mtu anayesikia atajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba ubaya ulitendeka, na kwamba haukuwa mwisho wala chanzo cha mtu huyu.

Artemisia mwenyewe aliacha jibu lake. Mwisho wa miaka ya 1630 alikwenda London, alikokuwa baba yake, kufanya kazi kwa Mfalme Charles wa 1. Kutoka wakati huo kuna tablo inayotunzwa na jamaa ya kifalme ya Uingereza, ambamo mwanamke anachora. Kitabu cha Cesare Ripa, kilichotumiwa na wachoraji wa wakati ule, kilifundisha namna ya kuonyesha Uchoraji kama mtu: awe mwanamke, mwenye nywele nyeusi zisizotulia, mkufu wa dhahabu wenye kinyago kidogo shingoni, na kitambaa kimefungwa mdomoni, kwa sababu picha haisemi.

Hapo palikuwa na jambo ambalo hakuna mchoraji mwanaume angeliweza kulifanya. Mwanaume akichora Uchoraji, anachora mtu mwingine. Artemisia aliweza kuwa vyote viwili, mchoraji na Uchoraji wenyewe, katika mwili mmoja. Nywele aliziweka, zimetawanyika kwa sababu ya kazi. Mkufu aliuweka, na kinyago kinaning'inia. Mkono mmoja umeinuliwa juu na brashi, mwingine umeshika kibao cha rangi, macho yako kwenye kazi. Hamtazami mtu yeyote. Kitambaa cha mdomoni, hicho tu, alikiacha.